Fisi wa The Lion King anaitwa Shenzi: mwenzetu wa mbali anasikia jina, sisi tunasikia tusi

#1 – Mleta uzi

Wakuu, uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite, mwenye chai akae.

Jumapili nilikuwa nyumbani kwa mama. Mtoto wa dada yangu, miaka sita, yuko kwenye ule umri wa kurudia filamu moja mpaka anajua nani atapumua wakati gani. Yake ni The Lion King, ile ya zamani ya kuchora. Pale nyumbani kuna paka mpya, jike, ana mabaka, na mtoto ndiye aliyepewa kazi ya kumpa jina. Akampa. Saa ya kula akatoka uani na kibakuli cha dagaa, anaita kwa sauti yote: "Shenzi! We Shenzi! Njoo ule!"

Mama alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama hewani. Hakumwangalia mtoto, aliniangalia mimi. "Haya matusi kayatoa wapi?" Na jirani aliyekuwa anaanua nguo upande wa pili wa ukuta, ambaye wiki ile walikuwa hawasemeshani na mama kwa ajili ya maji ya karo, akakohoa mara moja na kuingia ndani.

Nilicheka sana. Usiku nikakaa na mtoto tukaiangalia yote, ila safari hii nikawa nasikiliza majina.

Simba ni simba, hapo hawakuhangaika. Rafiki ni rafiki. Mama yake Simba ni Sarabi, yaani mazigazi, yale maji ya uongo unayoyaona mbele ya barabara jua likiwa kali. Jina zuri sana hilo, sijui kwa nini hatuwapi watoto wetu. Pumbaa ni mtu aliyepumbaa. Mufasa (baba yake Simba) na Nala (mpenzi wake) msidanganywe na mitandao: kila siku naona watu wanaandika kwamba kwa Kiswahili ni "mfalme" na "zawadi". Mfalme ni mfalme, zawadi ni zawadi.

Halafu anakuja kiongozi wa fisi: Shenzi. Na ukienda kwenye sehemu ya pili ya 1998, wale simba waliofukuzwa wanaitwa Zira, Nuka, Kovu na Vitani. Zira, kama mtoto aliyezira chakula. Nuka sina haja ya kueleza. Yaani ukiwa ndani ya ufalme unaitwa Sarabi, ukiwa nje unaitwa Nuka.

Sasa neno lenyewe. Mshenzi halikuanza kama tusi la mtu mwenye tabia mbaya. Pwani ya karne ya 19 kulikuwa na mwungwana na kulikuwa na mshenzi. Mwungwana ni mtu wa mji, Mwislamu, ana nyumba ya mawe au walau anajua walipo wenye nazo. Mshenzi ni mtu wa bara, yule ambaye msafara ulimpita, ulimwajiri kubeba pembe au ulimfunga kamba ukamshusha pwani kuuzwa. Kinyume cha ushenzi ni ustaarabu, na mnaona wenyewe ndani ya neno hilo amekaa nani. Baadaye masetla wa Kenya wakalichukua, wakalikata kichwa likabaki "shenzi", wakalibandika kwenye kila kitu duni: mbwa shenzi, kazi shenzi, na mtu pia.

Hilo ndilo jina la fisi. Na fisi hao wanaishi wapi? Nje ya mpaka, kwenye bonde la giza lililojaa mifupa ya tembo, wana njaa, na mtoto wa mfalme ameambiwa asikanyage huko. Aliyeandika huenda alitafuta tu jina lenye mlio mkali. Lakini neno limekwenda kukaa kule kule lilikozaliwa: kwa watu wa nje ya mji ambao wenye mji wamekubaliana kwamba hawafai.

Kuna jambo jingine dogo limenisumbua zaidi. Mnakumbuka Rafiki anavyoruka mtini anaimba "wewe nugu mimi hapana"? Hii "mimi hapana" si kosa la bahati mbaya. Ni Kisetla, Kiswahili cha bwana shamba na mpishi wake: mimi hapana taka, wewe hapana jua. Hakuna mtu wa Tanga wala Lamu anayemwambia mwenzake "mimi hapana". Watengenezaji walikuja Kenya 1991 kuangalia mandhari na wanyama, na wameeleza wenyewe kwamba "hakuna matata" waliisikia safarini. Kwa hiyo Kiswahili cha filamu kimepita njia ya kambi za safari, na njia hiyo ina vumbi lake.

Kuhusu sauti nataka nitende haki. Watu husema filamu ya 1994 iliwapa weusi ubaya. Mufasa ni James Earl Jones, Sarabi ni Madge Sinclair mzaliwa wa Jamaica, Rafiki ni Robert Guillaume. Mbaya mkuu, Scar, mdogo wake Mufasa, ni Mwingereza Jeremy Irons. Ila Simba akishakua sauti yake ni ya Matthew Broderick, na fisi wawili wanaoongea ni Whoopi Goldberg na Cheech Marin, mmoja mweusi wa Marekani, mwingine mwenye asili ya Mexico, wote wakisema kwa lafudhi ya mtaani. Mtoto hajui siasa za Marekani, lakini anajua nani anaongea kama mfalme na nani anaongea kama mhuni wa kona. Hilo hafundishwi, analinyonya.

Na fisi wanamfuata Scar kwa sababu gani? Kawaahidi chakula. Basi. Katika wimbo ule wa moto wa kijani wanapiga gwaride mbele yake kama majeshi ya Hitler, na hiyo picha ilikusudiwa. Mtazamaji anaambiwa awaogope. Haambiwi ajiulize kwa nini kundi zima lilikuwa na njaa wakati jirani yao anaimba kuhusu mzunguko wa maisha. Mwisho mvua inanyesha, mfalme halali anapanda mwamba, na fisi wakishammaliza Scar hatuoni tena walikokwenda.

Naomba kuwasilisha.

#2

Mkuu umeandika gazeti zima kwa ajili ya katuni. Mpe paka jina la Mimi mkalale.

#3

Mleta mada, nakubaliana nawe nusu. Hebu tusiwasingizie Wamarekani kwamba ndio waliomchafua fisi. Bibi yangu alimchafua kabla televisheni haijafika kijijini. Njia mbili zilimshinda fisi: alisikia harufu ya nyama njia ya kulia, akasikia nyingine kushoto, akataka kupita zote, akapasuka msamba. Hadithi zetu zote fisi ni mlafi, mchafu, mjinga, na kuna sehemu wanasema wachawi wanampanda usiku. Mwanaume anayependa wasichana wadogo tunamwitaje? Kwa hiyo Shenzi alipewa jina na wageni, lakini kesi yake tulishaisikiliza sisi wenyewe na kumtia hatiani.

Ila kuna kitu hujakigusa. Katika hadithi zetu simba naye hapati heshima hiyo ya kwenye filamu. Simba ni mkubwa, ana nguvu, anaogopwa, na kila hadithi sungura anamfanya mjinga. Anaonyeshwa kivuli chake kisimani anajitosa. Anaahidiwa nyama anafungwa kamba. Hadithi za watu wa chini zinapenda mdogo amshinde mkubwa. Filamu imechukua simba, nyani, ngiri na fisi, sungura ikamwacha nyumbani. Unadhani ni bahati mbaya?

#4 – Mleta uzi

#3 hiyo ya sungura imenikaa. Sikuiwaza kabisa.

Kuhusu fisi: kweli, hatuna usafi wa kuringia. Lakini angalia tofauti. Fisi wa bibi yako anaharibikiwa kwa tabia yake, uroho, na mtoto anacheka akijua yeye pia jana aliiba sukari. Hakuna mpaka ambao fisi yuko nyuma yake kwa kuzaliwa. Wanakaa kijiji kimoja na sungura, wanalima pamoja, wanadaiana. Fisi wa kwenye filamu ni mwovu kwa anwani.

#5

Mimi nimeongoza watalii mbugani miaka mingi, naomba nimtetee fisi kitaalamu.

Fisi madoa si mla mizoga anayengoja mabaki ya simba. Mtafiti Hans Kruuk alimfuatilia Serengeti na Ngorongoro miaka ya 60, akatoa kitabu chake 1972, na alichokikuta kiligeuza hadithi: fisi wanawinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na pale kreta mara nyingi ukiwaona asubuhi simba wanakula na fisi wamezunguka wanasubiri, ujue waliowinda usiku ni fisi, simba wamekuja kunyang'anya. Wageni wangu hawataki kuamini. Nawaonyesha, wananiangalia kama nimetukana dini.

Kitu kimoja filamu ilipatia, nadhani bila kujua: kiongozi ni jike. Kwa fisi jike ni mkubwa kuliko dume, cheo mtoto anakirithi kwa mama, na dume mgeni akihamia kundini anakuwa chini hata ya watoto. Kwa hiyo Shenzi kutawala wenzake wa kiume ni sahihi kabisa. Kwa simba ndipo walipotia chumvi: ukoo wa simba ni mama, dada na binti, madume yanakuja na kuondoka. Kikwelikweli Simba akishakua angefukuzwa tu, Scar awepo asiwepo, na Nala angebaki nyumbani na mama yake. Mwenye ardhi ni Nala.

Rafiki naye kwa sura ni mandrili, yule wa uso wa rangi. Hao ni wa Gabon, Kameruni na maeneo hayo. Huku hayupo.

Nimalizie na la kazini. Mgeni akiona ngiri hasemi ngiri, hasemi hata jina lake la Kiingereza. Anapiga kelele: "Pumbaa!" Gari zima: "Pumbaa! Pumbaa!" Zamani nilikuwa nasahihisha. Siku hizi nazima injini wapige picha.

#6

Na sisi ndio tunaowauzia. Nani humu ameshawahi kumwambia mke wake "hakuna matata"? Sema ukweli. Tunasema hamna shida, haina noma, usijali. "Hakuna matata" inakaa mapokezi ya hoteli. Bendi ya Them Mushrooms ya Kenya waliitia kwenye wimbo wa Jambo Bwana 1982 ili wageni wajifunze maneno mawili matatu, miaka 12 kabla ya filamu.

Disney wakaomba alama ya biashara ya maneno hayo 1994, ikasajiliwa Marekani 2003 kwa ajili ya nguo. Mwishoni mwa 2018 mwanaharakati wa Zimbabwe akaanzisha waraka wa kupinga, zaidi ya watu elfu 50 wakasaini haraka. Wengi walidhani wamekatazwa kutamka. Hapana, usajili unahusu kuuza fulana kule kwao. Lakini bado inauma mtu kusajili sentensi ya mama yako, hata kama mama mwenyewe haisemi.

#7

Naomba niwe tofauti kidogo. Mimi niko Uingereza, mwanangu amezaliwa huku. Alikuwa amekataa Kiswahili. Nikimwambia "njoo" anajibu kwa Kiingereza, nikimwita mbele ya wenzake anajifanya hanisikii. Alipokuwa na miaka saba darasani wakaangalia hiyo filamu, mwalimu akauliza kama kuna anayejua maana ya simba. Akanyoosha mkono. Akaeleza simba, akaeleza rafiki, akaeleza pumbaa kwa kuigiza mtu aliyeduwaa, darasa likacheka vizuri, si kumcheka. Siku hiyo alirudi nyumbani anauliza kwa Kiswahili: "Mama, leo tunakula nini?"

Alipofika kwenye Shenzi, mwalimu akauliza, naye akasema hilo ni neno baya hawezi kulitamka. Nilijisikia fahari kuliko yote mengine.

Kwa hiyo yote mliyosema nayakubali, lakini mimi ile filamu nina deni nayo. Nyinyi mnazungukwa na lugha kila upande, ndiyo maana mnaweza kuchagua makosa.

#8

#7 umenigusa, dada.

Niongeze la muziki. Ule mwito wa mwanzo jua linapochomoza, nusu ya watu mtaani kwetu walidhani ni Kiswahili cha zamani. Ni Kizulu, ni sauti ya Lebo M wa Soweto, na maana yake ni ya kawaida tu: baba, simba huyo anakuja. Kizulu kilipata hata toleo zima la filamu lililowekewa sauti.

Lakini Kizulu nacho kililipia. Timon na Pumbaa wanaimba kile kipande cha simba amelala usiku huu. Asili yake ni Mbube ya Solomon Linda, iliyorekodiwa Johannesburg 1939. Alilipwa shilingi 10. Wimbo ukaenda Marekani, "uyimbube" ikasikika vibaya ikawa "wimoweh", ukazunguka dunia, na Linda akafa 1962 akiwa maskini. Kilichowaokoa binti zake ni kifungu cha sheria ya himaya ya Uingereza ya 1911: miaka 25 baada ya mtunzi kufa, haki zinarudi kwa warithi. Wakafungua kesi dhidi ya Disney 2004, wakafikia makubaliano 2006. Fikiria, sheria ya mkoloni ndiyo iliyomtoa mtu mweusi shimoni. Mambo hayajanyooka kama tunavyopenda.

Halafu 2019, toleo jipya, Beyoncé akatoa albamu ya kuisindikiza. Nigeria wapo, Afrika Kusini wapo, Ghana wapo. Afrika Mashariki, ambayo majina mengi ni yake, hakuna msanii hata mmoja, na watu wa huku walilalamika sana. Kiswahili chetu kikaingia mwanzoni mwa wimbo mmoja: "Uishi kwa muda mrefu mfalme". Hapo nilisimamisha simu nikacheka peke yangu kwenye daladala. Sisi tungesema "mfalme udumu", au "Mungu akupe umri mrefu". "Uishi kwa muda mrefu" ni kama daktari anakupa masharti ya dawa.

#9

Mnajadili fisi, mimi nina swali la katiba. Mvua inakatika kwa sababu aliyekaa kitini si mrithi halali. Mrithi akirudi, mvua inanyesha. Watu husema hiyo ni Hamlet ya Shakespeare imevikwa manyoya, baba mdogo kamuua baba na kadhalika. Sawa. Lakini wazee wa Usukuma na Unyamwezi wangeielewa bila Shakespeare, maana mtemi ndiye aliyekuwa anaulizwa mvua ikikata. Tofauti ni kwamba mtemi aliulizwa kweli, na ukame ukizidi kiti kilikuwa moto chini yake. Kwenye filamu anayeulizwa ni Scar tu. Mufasa hakuna aliyemuuliza kuhusu watu wa bonde la mifupa.

Tulifuta uchifu Tanganyika 1963. Halafu tunawakalisha watoto wetu dakika 88 waimbe mtoto wa mfalme arudi kwenye kiti cha baba yake. Sisemi ni vibaya. Mimi pia nililia Mufasa alipokufa, na nilikuwa na ndevu.

Na binadamu? "Kila kinachoguswa na jua ni ufalme wetu", mwamba unaangalia nyika nzima, hakuna moshi wa jiko hata mmoja. Serengeti ya kweli Wamasai walihamishwa 1959 kupelekwa Ngorongoro. Nyika tupu nazo zina waliozifanya tupu.

#10

#9 umefika mbali. Ila ya ndevu nimeielewa.

Ni mimi wa #2 tena: paka hajapewa jina jipya bado?

#11 – Mleta uzi

Nimesoma yote. #7 asante, umenifanya nirudi kuisoma post yangu kwa jicho jingine. Nilikuwa naandika kama mtu ambaye lugha yake haiwezi kumpotea.

Kuna mambo mawili sikuyasema mwanzo. Toleo la 2019 Shenzi aliigizwa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Sauti nzito, hana mzaha, anatisha kama jemadari. Utani wa mtaani umeondolewa, jina limebaki. Na kwenye mfululizo wa televisheni wa The Lion Guard, ulioanza 2015, kuna fisi jike mwema, na huyo wamemwita Jasiri. Kuna mtu aliketi mahali akafungua kamusi kwa nia njema. Nilimwonyesha mtoto vipande viwili vya Jasiri nikitumaini atabadilisha jina la paka.

Kabla ya hapo nilimweleza neno. Nikamwambia shenzi lilikuwa jina la watu ambao wenye mji hawakuwataka, baadaye likawa tusi, ndiyo maana bibi kakasirika. Akafikiri. Akauliza: "Kwani walifanya nini?" Nikasema hawakufanya kitu. Akasema, "Basi paka naye hajafanya kitu," akaondoka na kibakuli chake.

Kwa hiyo #10, paka bado ni Shenzi. Tumekubaliana aitwe kwa sauti ya chini, hasa upande wa ukuta wa jirani. Mama yeye hamtaji kabisa, anasema tu "yule wenu", na jana nimemkuta anamchambulia miiba ya samaki.